Komeo la Sokwe

Benchi lililo mbele ya karakana ya Protas, mtaani Kagarama, halikosi watu saa kumi. Siku hiyo walikaa wawili pamoja naye: Gratien, ambaye hajasomea chochote kuhusu wanyama ila wote humwita Dokta, na Bayingana, aitwaye Afande kwa kuwa tu anaishi Kanombe jirani na kambi ya jeshi. Katikati yao chupa ya kahawa. Simu ya Protas ilipita mkono kwa mkono, na kwenye video sokwe wa bustani ya wanyama alikuwa akifungua sanduku la chuma alilochomelea Protas mwenyewe: ukivuta komeo, kifuniko kinafunguka, ndizi inadondoka. Liliagizwa ili mnyama apate cha kumshughulisha, asikae akijing'oa manyoya. Aliyetuma video ni Umutoni, bintiye Protas, ambaye humlisha sokwe huyo. Dokta na Afande walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Protas aliirudia video, akitazama komeo tu.

— Sekunde ine tu, alisema Dokta. Sha, iko na akili kushinda Afande.

— Mimi sijafungiwa ndizi kwa chuma, alijibu Afande.

— Hiyo komeo nilinunua tano, alisema Protas. Ine niliweka kwa milango ya nyumba ya huyo sokwe. Moja ikabaki.

— Ikabaki, ukafanya nini? aliuliza Dokta.

— Nikaweka kwa sanduku.

Afande aliweka kikombe chini.

— Ariko wewe fundi gani, alisema. Umemfundisha kufungua nyumba.

— Oya, hapana, alisema Dokta. Kichwa ya sokwe iko na vyumba. Ndizi iko chumba moja, mlango iko ingine. Haviwezi kukutana.

— Huyo amejua zamani, alisema Afande. Anangoja walinzi wabadilishe zamu. Anatoka, anafungulia simba, kesho tunawakuta kwa kilima ya Rebero wanapanda barabara.

— Simba atamkula yeye kwanza.

— Hawali mtu aliyewafungulia. Watamfanya mkubwa wao.

Protas hakuwasikiliza tena. Alikuwa akikumbuka tundu aliloacha kando ya komeo la mlango wa ndani, upana wa mkono, ili Umutoni apitishie chakula. Alijisifu sana kwa tundu lile. Na kila saa kumi na nusu Umutoni huingia kufagia, sokwe akiwa nyuma ya mlango huohuo. Kupiga simu ni kukiri kosa, na baada ya hapo nani atampa tena kazi ya vizimba? Aliogopa hilo, na akaona aibu kwamba analiogopa.

Wanjira, Mkenya wa ofisi ya bima iliyo ng'ambo ya barabara, alifika, akajimiminia kahawa, akasikiliza kidogo.

— Na Umutoni alisema nini ulipomwambia?

Dokta alitazama ndani ya kikombe. Afande akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Protas alichukua simu, akampigia bintiye.

— Papa, niko ndani, nafagia, alisema Umutoni.

— Sokwe iko wapi?

— Chumba yake. Leo anakaa kwa mlango tu. Umuone, amepitisha mkono kwa tundu, anapapasa.

— Toka, mwanangu.

— Namalizia hii kona...

— Acha fagio. Toka.

Kabla Umutoni hajajibu, chuma kilisuguana na chuma ndani ya simu. Protas aliijua sauti ya komeo lake.