Sikio la Kaisari

Venant, Odeta, sogeeni hapa kitandani, na mlango uacheni wazi nipate upepo wa ziwa. Shamba la Nyegezi mgawane kama marehemu mama yenu alivyoelekeza, hilo halina neno. Kinachonikosesha usingizi ni hii sarafu niliyoachiwa na padri aliyenifundisha historia, ambayo kwa ajili yake mwezi mzima hamsalimiani.

Ijueni kwanza. Wayahudi walipoiasi Roma walichukua fedha ya Kaisari, mtawala wao, wakagonga alama zao juu ya uso wake. Upande huu waliweka Hekalu, nalo lilikuwa limebomolewa zamani, wengi wao hawakuwahi kuliona. Upande wa pili, matawi ya sikukuu yao. Mwaka wa kwanza waliandika ukombozi wa Israeli, wa pili uhuru wa Israeli, kisha wakaacha kuhesabu miaka, wakaandika tu, kwa ajili ya uhuru wa Yerusalemu. Hapo moyo huniuma, maana mtu aliye huru haandiki hivyo, huandika hivyo anayeomba. Na walishindwa, wanangu, walishindwa vibaya.

Pembeni mwa Hekalu lilibaki sikio la Kaisari, halikufutika. Mimi nililipenda sikio lile. Ghala letu la ushirika, tangu pamba iachiwe wanunuzi binafsi, limepata tajiri mpya, kapaka rangi juu ya jina letu, lakini mvua ikinyesha herufi zinajitokeza, nami nikipita najua sikuota, tulikuwapo.

Wewe Venant, nilipolazwa ulipata mnunuzi hotelini, ukaisugua kwa ndimu na majivu kama sufuria ya harusi, ili ing'ae. Sikio limekwisha. Sasa anayeitazama atadhani watu wale hawakuwahi kutawaliwa. Nimekasirika, na hasira hii nakwenda nayo, sitawaficha.

Odeta, najua ungeitunza vizuri, kabatini, ndani ya kitambaa. Usilie. Nampa kaka yako. Pokea, Venant, kwa mikono miwili. Wewe ndiye wa mwisho kuliona sikio lile, lilikuwa chini ya kidole chako. Ukiiuza, mwambie mnunuzi ulichofuta. Ukibaki nayo, waambie wanao, usione haya.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Mnizike kando ya mama yenu, bila hotuba. Mungu awalinde, awape watoto wenye kusikilizana... Odeta, mwamkie kaka yako, nisikie kabla sijalala.

Sijasikia, mwanangu. Mwamkie tena.