Jora la Bafta Nililolirudisha Maskati

Asalaam alaykum, wazee wangu, na kina mama mlio upande ule wa mkeka. Shikamooni nyote mnaostahili. Mwenyekiti kaniomba nisimame leo kwa sababu nyumba nyingi za hapa Mabawa zina mtu wao huko nje, na hiki ni chama cha kuzikana, kwa hiyo anaona yaliyonipata yanawahusu. Nitasema, ila majina ya watu sitataja. Na mama yangu, yule aliyekaa pale nyuma, keshanionya tangu nyumbani nisirefushe. Naam, mama. Sirefushi.

Nianze na njia. Nilitoka Tanga ile miaka ya foleni, umri wangu ishirini na tatu, cheti cha kidato cha nne mfukoni. Nilidandia lori la machungwa lililokuwa likirudi tupu Maramba, na kutoka Maramba nikaenda kwa miguu siku mbili, nikikwepa barabara, mpaka nikaingia upande wa Kenya. Mombasa nilibeba magunia. Lamu nilichoma chokaa. Nikarudi Mombasa nikapata kazi ya upishi kwenye meli ya mizigo, na mimi sikuwahi kupika hata uji. Mabaharia walikula vitu, ndugu zangu, Mungu anisamehe. Meli ilipofika Maskati nikashuka kununua vitunguu, sikurudi. Kutoka hapa hadi pale nilitumia karibu miaka mitatu, safari ambayo ndege huimaliza kwa saa chache.

Mtaniuliza nilikuwa nakimbia nini. Nilikuwa nakimbia shuka.

Wakubwa mnakumbuka hali ilivyokuwa. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Sukari ilikuwa ya kuonjeshwa. Sasa babaangu alifariki asubuhi, Ijumaa, na sanda haikuuzwa hivi hivi. Ilikuwa mpaka kibali. Nikakipata kibali, nikaenda kupanga foleni. Nilisimama tangu saa tatu mpaka adhuhuri ikapita. Nilipofika dirishani, yule karani akaniambia, "Kitambaa kimekwisha, ndugu. Njoo Jumatatu."

Nikamwambia, "Ndugu yangu, aliyekufa ni babaangu. Nikamwambie nini mpaka Jumatatu?"

Mtu aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Mwambie naye apange foleni."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nawaambia hili kwa sababu nimelificha muda mrefu: maiti ya babaangu ipo ndani, na mimi nimesimama pale na kibali mkononi, nacheka.

Jirani yetu mmoja akatoa shuka lake, lilikuwa jipya, shuka jeupe lenye maua mekundu. Wakaligeuza upande wa ndani ili maua yasionekane. Lakini ilinyesha tukiwa njiani, na tulipofika makaburini shuka limelowa, maua yote yametoka juu. Sheikh alisema hakuna ubaya, na kweli hakuna ubaya. Ila mimi niliyaona yale maua yakiingia kaburini na nikajiambia kwamba mama yangu hatazikwa hivi. Wiki tatu baadaye nikaondoka. Sikumuaga vizuri. Nilimwambia naenda Maramba kutafuta mahindi.

Maskati nikawa dereva wa boza la maji. Kazi yenyewe ni kujaza tangi na kupeleka majumbani, nyumba kwa nyumba, na kwa mtu kama mimi nisiyeweza kutulia mahali pamoja, ilinifaa. Mshahara wa kwanza nilinunua jora zima la bafta nyeupe, ile nzuri. Nikaliweka chini ya kitanda. Kila nikihama chumba, nilihama nalo.

Katika nyumba moja niliyopeleka maji alikuwako bibi mmoja wa Kipemba, analea watoto wa watu. Nilimpenda kwa sababu alinipa chai, na kwa sababu alikuwa mtu wa kusikiliza habari za Tanga. Nikimwambia barabara za Ngamiani zilivyonyooka, nikimwambia juisi ya mabungo, ananiambia, "Mie kwetu, siku mbingu zikiwa safi, twaiona milima yenu ng'ambo." Siku moja nikamwambia habari ya jora. Akaweka kikombe chini.

"We mtoto, mamako ushampelekea kanga?"

"Bado, bibi."

"Gauni?"

"Bado."

"Barua?"

Barua niliandika mbili mwaka wa kwanza. Baadaye nikaona haya. Kila nikitaka kuandika najiambia, ngoja nijaze mikono kwanza, nitakwenda mwenyewe.

"Basi wewe wamtakia nini," akasema, "hata vazi la kwanza umnunulie sanda?"

Tukacheka sana. Mimi nilidhani ni mzaha.

Miaka ikaenda kumi na miwili. Ndipo nikarudi mara ya kwanza, na hapo ndipo nilipopigwa na bumbuwazi ambalo mpaka leo sijui kama limenitoka.

Nilirudi na mzigo. Sabuni za kufulia, katoni mbili. Sukari. Dawa za meno. Viberiti. Betri. Nusu ya sabuni nilizifungia ndani ya suruali, kwa sababu Tanga niliyoiacha mtu akikutwa na vitu anaulizwa kavitoa wapi. Uwanja wa ndege Dar es Salaam, yule wa forodha akafungua begi, akatoa suruali, mche wa sabuni ukaanguka. Akatoa nyingine, ukaanguka mwingine. Akaniangalia kwa huruma.

"Kaka, unakwenda wapi?"

"Tanga."

"Tanga sabuni zimekwisha?"

Sikumwelewa. Niliona ananitega.

Nikashuka stendi Tanga mchana, jora begani, nikapita barabara ya kumi na mbili. Ndugu zangu, nilisimama. Sabuni zimepangwa mpaka nje ya mlango, nyekundu, bluu, kijani. Mafuta kwenye madebe. Redio zinaimba. Na ndani ya duka la nguo, bafta, jora juu ya jora, mpaka darini. Nilisimama hata nikasahau kwamba nimebeba kitu. Mwenye duka akatoka, kaniona na jora langu, akasema, "Mwanangu, kama unatembeza hilo, pole. Hata mimi yamenidodea."

Nikafika nyumbani. Mama alikuwa uani anakuna nazi. Aliinua uso, akaniangalia, akaendelea kukuna. Nikasema, "Shikamoo mama. Ni mimi."

"Mimi nani?"

Nikataja jina langu.

Akasema, taratibu tu, kama anayemjibu muuza mkaa, "Huyo nimeshamsomea hitima."

Dadangu akatoka ndani akapiga ukelele, mtaa mzima ukajaa. Kumbe baharia mmoja alileta habari kwamba kuna meli imezama na vijana wa Tanga, na kwa kuwa barua zilikatika, wakahesabu na mimi nimo. Humu ndani wamo waliokula pilau ya hitima yangu. Msiiname, siwadai. Nambieni tu kama nyama ilitosha.

Dadangu alifungua zile katoni za sabuni akacheka mpaka machozi. Kisha machozi yakabaki, kicheko kikaondoka. Alikuwa akifunga sabuni kiwandani miaka tisa, na kiwanda kimefungwa. "Zimejaa madukani, kaka," akasema, "sasa wa kununua ndiyo hatupo." Mumewe alikuwa keshafariki, amebaki na binti mmoja. Vitu vyote nilivyoviota nikiwa mbali vilikuwa vimefika kabla yangu, na havikuwa vimemwokoa mtu.

Lakini nilikuwa na jora. Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, shangazi zangu wamekuja, nikalitandika mkekani mbele yao. Nilikuwa nimeisoma hotuba yangu kichwani miaka kumi na miwili. Nikasema, "Mama, babaangu alizikwa na shuka la maua. Wewe hutazikwa hivyo. Hii ni yako."

Mama akanyanyuka, akaingia ndani. Akatoka na kifurushi, akakifungua juu ya jora langu. Vipande vitano vya bafta, vimekatwa, vimekunjwa. Pamba. Udi. Karafuu maiti kwenye kijaluba.

"Nilinunua mwenyewe, mwaka yalipofunguliwa maduka," akasema. "Nimekata kwa mkono wangu. Sanda ninayo. Ninachokosa ni mtu wa kunishusha."

Nyie mnaelewa, lakini niseme kwa ajili ya vijana. Mwanamke hupokewa kaburini na maharimu wake: mume, baba, kaka, mwana. Mama yangu mume kafa, kaka zake wote wamekufa, mwana ni mimi tu, na mimi keshanisomea hitima.

Akasema tena, "Hilo jora lako litawafaa wengine. Mimi nitashushwa na nani?"

Hapo alikuwa ananiomba nikae. Mimi nilisikia tusi. Nilisikia kwamba miaka yangu yote imetupwa mkekani mbele ya shangazi zangu. Siku ya nne nikafunga jora langu, nikapanda basi. Mama hakunizuia. Alisema tu, "Maramba tena?"

Nilirudi Maskati na jora. Yule bibi wa Kipemba alipoliona akaniuliza, "Hee! Mbona warudi nalo?"

"Kalikataa."

"Kakwambiaje?"

Nikamwambia, neno kwa neno. Nilitaka aseme mama kanikosea. Hakucheka safari hii. Akasema, "Basi wewe hukusikia," akanimiminia chai, hatukuzungumza tena jambo hilo.

Haikupita miezi mitatu nikapeleka maji pale, nikakuta viatu vingi mlangoni. Bibi alifariki alfajiri. Wanawake wa kwetu waliokuwa huko walikuwa wanamwosha, wanaulizana sanda. Nikarudi chumbani, nikaleta jora. Wakakata vipande vitano. Niliusikia mkasi kwa nje.

Makaburini tukateremsha jeneza, shuka la stara limeshikwa juu. Mzee aliyekuwa akisimamia akauliza, "Maharimu wake nani?"

Akauliza tena, "Hana mwana?"

Mtu mmoja akasema, "Anaye. Yuko nje, ila hatujui wapi."

Ndugu zangu, tulikuwa wanaume kama arobaini, na kila mmoja akamwangalia mwenzake. Nimesimama pale jua kali, nikaliona kaburi la mama huko Tanga siku itakapofika, na shuka limeshikwa juu, na mtu anauliza swali lile lile, na jibu ni lile lile. Anaye. Yuko nje. Hatujui wapi.

Wakachaguliwa watatu. Mmoja nilikuwa mimi. Nilimpokea bibi yule kwa mikono yangu, mwepesi kabisa, ndani ya bafta niliyomnunulia mama yangu. Huko ng'ambo ya bahari kuna mwanawe anahangaika kujaza mikono, hajui kwamba mgeni wa Tanga ndiye aliyeifanya kazi yake.

Wiki ile ile nikampelekea mwenye boza funguo. Mwarabu mtu mzima, kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Akaniuliza, "Umepata kazi kwengine?"

"Nimepata Tanga."

"Kazi gani?"

"Ya kukaa."

Akasema, "Kukaa nako ni kazi?"

Nikamwambia, "Mimi sijawahi kuiweza, bwana. Ndiyo nakwenda kujifunza."

Huu ni mwaka wa sita najifunza. Kuna siku nikisikia honi bandarini moyo unatoka mbio, nabaki kuushika. Nashukuru chama hiki, maana mliniandika upya kwenye daftari bila kuniuliza maswali, baada ya kuwa mmeshanizika. Namshukuru dadangu, aliyenifundisha kuuza sabuni zile zile nilizomletea, tukaanzia hapo genge letu. Namshukuru bibi wa Kipemba, na kila mwaka namsomea. Kama kuna mtu hapa anatokea Pemba, na ana mama aliyekufia Maskati, aje anione tukimaliza. Nitamwelekeza kaburi lilipo.

Na mama yangu, kama mnavyomwona, mzima. Kila mwaka huianika ile sanda juani, na mwaka huu kasema imeanza kupata rangi ya chai, tununue nyingine. Naam, mama, namalizia.

Ninachowaomba, wenye watu nje: mkizungumza nao msiwaambie leteni. Waambieni njooni. Na wewe uliye nje, kama maneno haya yatakufikia, usingoje mikono ijae. Hapa wanayo sabuni.

Nimalizie na siku ile niliyotoka Maskati moja kwa moja. Nilipiga simu kutoka uwanja wa ndege, kwenye duka la jirani yetu, wakaenda kumwita mama. Nikamsikia anavyokuja, ndara zake, anahema.

"Mama, nakuja."

"Safari hii umebeba nini?"

"Sikubeba kitu, mama."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Basi njoo."