Kipande cha Mto cha Mwalimu Hudson

Mombasa, 4 Novemba 1957. Huu ni mwaka wa kumi na nane tangu niondoke Ngao, kijiji chetu cha kando ya mto, lakini wahariri wa jarida la shule wameniomba nimwandikie mwenzangu maneno ya kumuaga, kwa kuwa nilifundisha naye miaka kumi. Tarehe 29 mwezi huu Mwalimu Hudson Mwaringa anastaafu, baada ya kufundisha Kilatini miaka thelathini na mmoja.

Alitoka Kaloleni mwaka 1926 na sanduku la vitabu, hajui kushika kafi. Wiki ya kwanza aliuzungusha mtumbwi mahali pamoja hadi kina mama waliokuwa wakiteka maji wakaketi chini kwa kicheko.

Darasani alipenda neno emeritus. Limetokana na kitenzi cha kupata kitu kwa kukitumikia hadi mwisho. Warumi walimwita hivyo askari aliyemaliza miaka yake, wakampa shamba. Mwanamume ni emeritus, mwanamke emerita, kitu emeritum; wakiwa wengi, emeriti, emeritae, emerita. Kivumishi, alisema, ni mgeni mwenye adabu: huvaa kama wenyeji wake. Mwanafunzi mmoja, Buya, akadakia, "Mwalimu, ngeli tatu tu? Kumbe hao Warumi walikuwa maskini!" Mwalimu alicheka hadi chaki ikamdondoka.

Mto ulipofurika mwaka 1937, aliwavusha wanafunzi wote hadi mwinukoni, safari kumi na moja, mtumbwi umenyooka kama mstari wa rula. Jioni ile ile aliwauliza wingi wa emerita. Walikuwa bado wakitetemeka kwa baridi.

Sasa nyumba ya shule lazima airudishe, na Kaloleni hakubaki mtu wake. Kwetu mashamba hukatwa vipande vyembamba kutoka majini kwenda nyuma, ili kila ukoo uguse mto. Mgeni hapewi. Wazee walikaa vikao vitatu kuamua kama Mwalimu apewe, mpaka Mzee Jillo akauliza ni mgeni gani huyo, ikiwa nusu ya wajukuu wa Jillo mwenyewe wasingekuwapo bila kafi la Mwalimu. Kikao kikaisha.

Kipande kisicho na mkulima ni kimoja, kati ya cha Buya yule yule na cha kina Loise, majirani zetu. Alikilima baba yangu, kwa hiyo wazee wameniandikia kuniomba ruhusa. Nimejibu: apewe, pamoja na migomba iliyosalia.

Ahsante, Mwalimu. Ulime kwa afya, uvune kwa furaha, na majirani wakuchekeshe. Usiniwekee sehemu. Mimi sitarudi.