Honorine na Binti wa Kwenye Kaseti

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto kidogo, aliye njiani asogeze redio sikioni. Leo tunamkumbuka mwalimu Honorine Nyirabagenzi wa Kamembe. Tulimzika Jumamosi kule Nyakarenzo, alikofundisha.

Honorine alizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, akarudi Rwanda akiwa msichana. Hakujua kutulia. Mdogo wake, Védastine, anasema: "Hata chakula alikula amesimama. Maman alikuwa anamuuliza, 'Kiti kimekuchoma?'"

Mwaka 1999 alikuwa akisomea ualimu. Ng'ambo ya mto Rusizi, Kongo ilikuwa vitani tena. Huku Kamembe, kila Jumapili mchana, wasichana wa chuo walijazana sebuleni kwa Mzee Mudathiru, fundi cherehani, kutazama tamthilia kwenye kaseti za video. Ilihusu mabinti wanne wa chuo wanaojifunza mapenzi, kwa machozi mengi. Maneno yalikuwa ya Kifaransa. Waliokulia Kongo walielewa. Waliokulia Tanzania hawakuelewa. Basi Honorine alisimama kando ya televisheni akatafsiri, akilia wanapolia, akitukana wanapotukana.

Rafiki yake, Uwineza, alikulia Tanzania. Mchumba wa Uwineza aliitwa Hirwa, dereva wa lori. Hirwa alimtaka aache chuo, wavuke Jumatatu asubuhi wakaishi Bukavu, wazazi wasijue. Na kwenye tamthilia, binti mmoja alikuwa ameombwa jambo lile lile: aache chuo, amfuate mwanaume.

"Nitaangalia yule binti atafanya nini," Uwineza alimnong'oneza Honorine. "Nami nitafanya hivyo."

Kaseti ikawekwa. Binti akamwambia mwanaume wake: nitakufuata popote.

Honorine akamtupia jicho Uwineza. Akatafsiri: "Mi sitakufuata. Kama unanipenda, kuya kwa baba unipose. Kwanza ninamaliza masomo."

Papo hapo binti akapanda gari la yule mwanaume.

Sebule ikalipuka. "Ee Honorine! Na gari anapanda juu ya nini, kama amekataa?"

"Anasindikiza muntu," akajibu, ameshikilia meza ya televisheni.

"Na ile valizi ya nguo?"

"Ni ya bwana!"

"Bwana wa valizi ya maua?"

Mzee Mudathiru akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Muache huyu mutoto. Batu ba kwenye televisheni bana mambo yabo."

Uwineza hakucheka. Alikuwa akimtazama Honorine, si televisheni.

Jumatatu asubuhi Honorine alisimama kando ya barabara ya kwenda mpakani, akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Lori la Hirwa likapita. Kando ya dereva hapakuwa na mtu.

Hirwa hakuja kwa baba wa Uwineza kuposa. Alivuka, na hakurudi. Kama alikufa vitani au alioa huko, hakuna aliyejua. Ndipo swali likamwingia Honorine, lisimtoke: nimemwokoa rafiki yangu, au nimemnyang'anya mume? Hata siku Uwineza alipoolewa kule Rwimbogo, Honorine alizunguka nyumba ya harusi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akafundisha, akaolewa, akazaa, na swali lile bado akitembea nalo.

Mwezi uliopita, akiwa mgonjwa kitandani hospitalini, hatimaye alikiri. Uwineza ametusimulia.

"Uwineza, yule binti hakukataa. Alimfuata bwana. Nilikudanganya."

"Najua. Kifaransa nilikuwa nakisikia, nilishajifunza chuoni. Niliona haya kukisema tu."

"Ulisikia? Sasa ulibaki juu ya nini?"

"Yule binti, hakuna aliyemwogopea. Wewe ulikuwa unatetemeka mpaka meza ya televisheni inatikisika. Nikasema, kumbe ninaye muntu."

Honorine akamtupia mto. "Na ukaniacha nihangaike miaka yote hii! Muchawi weye!"

Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha.

Huyo ndiye Honorine Nyirabagenzi, mwalimu wa Nyakarenzo. Kwa mume wake Niyonsaba, kwa watoto, kwa Védastine, na kwako Uwineza: poleni sana. Mungu awashike mkono.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Pengine nyumbani kwako yuko binti anayetazama tamthilia sasa hivi, bila kupepesa macho. Usimuulize hadithi imefika wapi. Kaa karibu naye. Muulize yeye kesho anakwenda wapi.