Moshi Uliokwama Kisangani

Ukishuka kutoka sokoni kuelekea mtoni, utalikuta benchi la Mama Sara, muuza kahawa, limebanwa katikati ya shughuli za watu. Kushoto kwake akina mama wanabanika samaki juu ya vichanja tangu alfajiri. Kulia, baleinière, zile mashua ndefu za mbao, zinapasha injini kabla ya kung'oa kamba. Hapo huketi wanaume watatu ambao kazi imewaishia lakini maneno bado. Djuma, fundi cherehani, anaitwa Radio kwa sababu hazimwi. Katembo, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, anaitwa Demi-Gros: tumbo lake ni la jumla, mkono wake ni wa rejareja. Wa tatu ni Lukumani, Mécano, aliyetengeneza injini za mashua miaka thelathini na mitano. Na sasa ni mwezi wa tatu tangu aanze kuja na mkewe, Mwanahamisi, ambaye kikohozi kimemng'ang'ania.

Muuguzi alikuwa amesema mama atafutiwe hewa nzuri. Na hewa nzuri, kwa mtu wa mto, iko wapi kama si mtoni? Kwa hiyo kila asubuhi Lukumani alimshika mkewe mkono, wakateremka polepole kutoka mtaa wao wa Kabondo, akampangusia nafasi kwenye benchi kwa leso yake mwenyewe. Alijiona mume kweli kweli, na aliona raha kuonekana hivyo.

Asubuhi hiyo Mwanahamisi alikohoa mara saba mfululizo, hata kahawa ikamwagikia kitenge chake.

— Ni vumbi ya route ya Bengamisa, alisema Katembo. Camions za mizigo zinashuka na mihogo, motos nyuma yake. Miye niko napanga sukari ku magasin asubui, jioni inakuwa rangi ya udongo.

— Na unaiuzisha vile vile, Djuma akamchoma.

— Bon, naiuzisha. Mutu alishakufa?

— Vumbi ya Bengamisa inabaki kwake Bengamisa. Hii kikohozi inatoka mbali. Inatoka ku bahari.

Hata Mama Sara aliacha kumimina.

— Bahari gani? aliuliza Lukumani. Huku kwetu bahari iko wapi?

— Écoute, Mécano. Nilisikia ku radio. Batu ba kando ya bahari banakohoa, na roho, yaani moyo, inabachoka. Ju ya nini? Bateaux, meli makubwa, zinachoma mazout, mafuta nzito, ku port, moshi inaingia mu muji. Donc, ile moshi inaenda wapi? Inapanda mto! Banana, Matadi, Kinshasa, Mbandaka, mupaka huku.

— Kilomètre zaidi ya elfu mbili! alisema Katembo.

— Bateau ikitoka Kinshasa, inafika wapi?

— Hapa.

— Inapita?

— Ipite namna gani, na maporomoko iko pale Wagenia?

— Voilà! Na moshi, vile vile. Inafika ku maporomoko, inakosa njia, inakwama. Sisi njo terminus, mwisho ya njia.

Lukumani alilitafuta tundu katika hoja hiyo, hakuliona. Mtoto yeyote wa Kisangani anajua kwamba kila kitu kinachopanda kutoka chini huishia hapa: chumvi, unga, bia, wageni, na madeni ya wageni. Kwa nini moshi uwe na kiburi cha kupita?

— Alors, Katembo alisema taratibu, na macho yake yakaanza kufanya hesabu, batu ba Ubundu, kule juu ya maporomoko, habakohoe?

— Hata mumoja! alijibu Djuma, ambaye hajawahi kukanyaga Ubundu.

— Basi miye nitaenda na train. Nitajaza ile hewa mu bidon, nilete huku. Bidon kubwa kwa matajiri, batu ba makuta, kadogo kwa maskini, batu ba pasi.

— Na mutu ataipumua namna gani? aliuliza Djuma.

— Anafungua, anaweka pua. Ile ni kazi yake. Kazi yangu ni kuuzisha.

Mwanahamisi alicheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi. Lukumani alimpiga piga mgongoni, uchungu ukamshika kifuani kana kwamba anakohoa yeye. Akaona ni wakati wa mtu anayejua moshi kusema.

— Muache mambo ya bahari. Miye nilisoma moshi maisha yangu yote. Moshi nyeusi, injecteur imechoka. Nyeupe, maji imeingia mu moteur. Bleu, inakula huile ya injini. Angalia ile baleinière. Unaona rangi?

Waliangalia. Injini ilikuwa ikiguruma vizuri, na juu ya bomba lake hewa ilitetemeka tu.

— Hakuna rangi, alikiri Djuma.

— Hakuna rangi, hakuna mubaya. Ile moteur nilifungua miye mwenyewe, nikafunga. Inatoa mopepe, hewa safi. Ingekuwa na mubaya ndani, miye wa kwanza ningeiona.

Hapo ndipo alipofika msichana mwenye begi mgongoni na buti zenye matope ya msituni. Aliwasalimu kwa adabu, mmoja mmoja, akaanza na Mwanahamisi. Akasema anaitwa Nicole, ni mwanafunzi wa chuo kikuu, amekuwa akipima hewa kule pori la Masako na sasa anataka kuipima ya mtoni. Akaomba ruhusa aweke mashine yake juu ya benchi.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ingeingia katika mfuko wa koti la Djuma. Ilikuwa na kioo chenye namba.

— Inapima nini, mwanangu? aliuliza Katembo.

— Vumbi kidogo sana, papa. Kidogo mupaka jicho haiwezi kuiona. Ile kubwa inabaki mu pua, unapenga, inaisha. Hii ndogo inapita pua, inapita koo, inafika chini kabisa mu mapafu, na ingine inaingia mu damu. Njo inachokesha roho, inapandisha tension ya damu.

— Na haina rangi? aliuliza Lukumani.

— Tonton, ikiwa mingi sana utaona moshi. Lakini ata usipoona kitu, inaweza kuwa mingi.

Namba ilipanda ikafika sabini. Baleinière aliyoisifu Lukumani ikaongeza mwendo wa injini, upepo ukageuka na kuleta moshi wa vichanja, namba ikavuka mia moja. Nicole akaeleza kwamba kwa siku nzima mtu asizidishe kumi na tano, na kwamba asubuhi ni mbaya zaidi kwa sababu hewa ya baridi hulala juu ya maji na kuukandamiza moshi wote chini. Kule Masako alipata tisa.

— Njo nilisema! alidakia Djuma. Imekwama! Mashine imeona bahari!

— Mashine iko na pile, betri ya mubaya, alisema Katembo.

— Ama imeogopa kikohozi ya mama, Mama Sara akatania.

Lukumani alikuwa akiutazama ule mtetemo juu ya bomba, ule aliousifu maisha yake yote. Nicole naye aliwaacha wabishane, akachuchumaa mbele ya benchi, akawauliza wote watatu kwa pamoja:

— Siku mama anabakiaka ku nyumba, anakohoa?

Miezi mitatu walikuwa wamekisikia kikohozi hicho, asubuhi hii wamekipandisha mto mzima, wamekivusha barabara ya Bengamisa, wamekitafutia soko, na hakuna hata mmoja aliyelijua jibu. Mume mtu aligeuka polepole kumtazama mkewe.

— Hapana, alisema Mwanahamisi. Wakati ulienda Bengamisa ku matanga, nilibaki ku nyumba siku ine. Sikukohoa. Ile kikohozi ya kwanza ilishaisha.

— Mama! Na hukusema? Djuma alishangaa.

— Mulikuwa munaongea.

Mama Sara alicheka peke yake. Lukumani alihisi masikio yakimwaka moto.

— Lakini miye, bwana yako, ungeniambia miye.

Mwanahamisi alikikunja kitenge chake pale palipomwagika kahawa, kisha akajibu kwa sauti ya chini, ingawa kila mtu alisikia.

— Miaka makumi tatu na tano ulikuwa ku mto, miye nakunywa chai peke yangu. Sasa unanishika mukono asubui, unanipangusia benchi. Nilijua ni hii moshi. Nikisema, utaniacha ku nyumba, utakuja peke yako. Basi nilichagua kukohoa.

Djuma Radio, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya benchi lile, alizimika. Lukumani alimpenda mwanamke huyu tangu ujana wake na bado alikuwa hajui kumuuliza swali moja dogo. Akainuka, akaweka kikombe chini kikiwa na kahawa nusu, akanyoosha mkono.

— Twende ku nyumba.

— Na kesho?

— Kesho sitashuka. Nitakaa na wewe.

Walipanda mteremko kama walivyokuja, mkono kwa mkono. Walikuwa hawajafika hata kwenye kona ya kwanza waliposikia kishindo nyuma. Katembo na Djuma walikuwa wamelibeba benchi begani, Mama Sara anawafuata na thermos yake, na Nicole yuko kando akisoma namba kwa sauti: themanini, hamsini, thelathini na mbili.

— Mécano, mungojee! aliita Djuma. Tunahamisha kijiwe kwako! Kule hewa iko muzuri!

Lukumani alimtazama mkewe. Mwanahamisi hakugeuka wala hakupunguza mwendo, ila vidole vyake viliukaza mkono wa mumewe.

— Mukuje kesho! Lukumani akawajibu bila kusimama. Leo chai iko ya batu babili.