Delmar Kubicek, Mtu wa Barabara ya 194

Delmar Kubicek alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 shambani, nje ya mji wetu wa Tabor Creek, Nebraska, mtoto wa pili wa Anton na Rose. Wa kwanza ni Emil, aliyemfundisha kuendesha trekta kabla miguu yake haijafika kwenye breki.

Alisoma shule ya chumba kimoja, kisha sekondari ya Hollis, akamaliza Mei 1962. Masomo hakuyapenda, na hakuficha.

Mwaka 1966 aliajiriwa na idara ya barabara ya jimbo. Kwa miaka arobaini aliitunza Barabara ya 194, kutoka Hollis hadi Verdin, akiziba mashimo kiangazi na kuondoa theluji wakati wa baridi. Ndivyo alivyompata Arlene. Njia ya kwao Arlene ilisafishwa theluji kabla ya ya mtu mwingine yeyote, hadi baba mkwe akasema, "Kijana, ama uoe ama uache kutuamsha." Walifunga ndoa 12 Juni 1968.

Barabara hiyo ilipita katikati ya mji wetu, mbele ya kituo cha mafuta cha Emil, penye kona kali. Kona hiyo iliua watu wanne kwenye barafu, na Delmar ndiye aliyewatoa garini. Mwaka 1991 wakubwa walipomwuliza njia mpya ipite wapi, alisema nje ya mji. Ninalisema jambo hili wazi leo kwa kuwa nusu yenu mmelinong'ona miaka yote hii. Emil alimkuta akipigilia vigingi vya kupimia njia mpya.

"Hivi Delmar, unajua unachokifanya?"

"Kaka, kona inaua."

"Na wewe unaniua mimi. Haya, pigilia! Ila mlangoni kwangu usikanyage tena."

Magari yakahamia njia mpya, na kituo kilifungwa 1994. Emil alinunua kile kipande cha barabara ya zamani, akakifunga kwa mnyororo. Hawakusemeshana tena.

Mapafu yalianza kumsumbua Delmar mwaka 2017. Alifariki nyumbani 9 Januari 2019, Arlene akiwa amemshika mkono. Aliomba apelekwe makaburini kwa njia ya zamani.

"Baba mkubwa akikataa?" nilimwuliza, mimi binti yake.

"Simameni pale mpaka afungue au mgande."

Jumamosi nilimpigia Emil simu. "Zungukeni," alisema. "Njia kubwa si ndiyo aliyoitaka?" Akakata. Iliniuma sana. Ndiyo maana karatasi zenu zinasema msafara utapita njia kubwa.

Ameacha mjane wake Arlene, binti yake Lorna anayesoma haya, wajukuu wawili, na kaka yake Emil, ambaye kiti chake hapa mbele ki wazi.

Yanayofuata hayakuchapishwa. Asubuhi hii nimepita pale. Mnyororo uko chini. Emil, miaka themanini na moja, alikuwa ameshika koleo, ameshaondoa theluji kutoka kituoni hadi kwenye kona. Nikateremsha kioo.

"Usinitazame, mwanangu," akasema. "Kawaambie wapite hapa. Waje polepole, kona hii ina barafu."

Apumzike Delmar wetu. Tutakwenda polepole.