Bi Chekeche na Swali Lake la Tatu

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Chekeche, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akafuatiwa na wadogo watatu, wa mwisho akiwa mpiga chapa anayewasomea historia hii.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976, akapata cheti cha ualimu mwaka 1978, akafundisha hesabu kwa miaka ishirini, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akisema jambo ni gumu, yeye alisema halijapangwa tu.

Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa na fundi saa, mtu mpole aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2009, wakajaliwa mabinti wawili, ambao wamekaa hapa mbele.

Mwaka 1998 aliajiriwa ukarani katika ofisi ya dalali wa hisa, meza yake ikitazamana na mlango, akawa anawaona wanaoanza wakiingia na gazeti mkononi na kutoka wamechanganyikiwa zaidi, ndipo akabuni ukurasa mmoja wa kuchujia hisa zenye kasi ya kupanda, ndio uliompa jina la Chekeche, wenye maswali matatu: je, kwa miezi sita bei yake imepanda kuliko za wenzake, je, wanunuzi wanazidi kuongezeka, na je, ikianguka chini ya wastani wa bei yake wa miezi miwili, uko tayari kuiuza wiki hiyo hiyo bila kuionea huruma. Hili la tatu alilipigia mstari mara mbili, akisema kuingia kila mtu anajua, kazi ni kutoka.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2018, na mwaka 2020 mdogo wake mpiga chapa akamwomba ukurasa ule autolee kadi za kugawa mtaani, akaona maswali matatu yanajaza kadi, tena wanaoanza hawapendi habari za kutoka kabla hawajaingia, akalikata la tatu bila kumuuliza, jina la dada akaliacha kwa herufi kubwa. Dada alipoiona akamwambia, mdogo wangu, umewapa watu nusu ya akili yangu, kadi hizi zikusanye, naye akaitikia vizuri tu, asikusanye hata moja.

Hisa zilipanda, Bi Chekeche akasifiwa hata na mashemeji waliokuwa hawamsalimu, zikaanza kuporomoka Agosti 2022, watu wakazing'ang'ania kwa kuwa kadi haikusema waziachie, wakabaki mikono mitupu. Katika kikao cha ukoo cha tarehe 14 Januari 2023 mjomba alisema lisemwalo lipo, huyu ni tapeli, dada akainamisha kichwa, hakumtaja aliyekata, na aliyekata alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwake, akanywa chai yake mpaka akaimaliza.

Tangu hapo presha haikumwacha, alilazwa mara tatu, na moyo wake ukasimama tarehe 3 Aprili 2024, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa ofisini waliotuletea viti, na nyinyi majirani mlioacha kuitikia salamu zake kisha leo mkaja kumbeba, mlikuwa na haki ya kukasirika, ila wa kukasirikiwa hakuwa yeye, nilikuwa mimi.

Dada, pumzika, na amani niliyokunyima ukiwa nasi uipate huko uendako.